Mwonano, si Mstari wa Kuona

Juzi nimeletewa mwongozo wa kufunga mitambo ya mawasiliano, umefasiriwa kwa Kiswahili, nikakwama ukurasa wa kwanza: hakikisha pana "mstari wa kuona" kati ya antena mbili. Nikautafuta huo mstari. Kauchora nani, na anayeona ni nani?

Msomaji anajua kinachosemwa: majengo mawili yaliyo mbalimbali, kila moja na antena juu ya paa, yanarushiana mawimbi, na kati yake pasiwe na kizuizi. Dhana haina mgogoro. Mgogoro ni jina. Niliwahi kupendekeza "mwonano" mbele ya jopo moja ambalo sitalitaja. Wakasema halimo kwenye kamusi, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, mstari ulikuwa umeshapitishwa. Ni akina yakhe haohao wanaotuhimiza tuseme ngamizi, kisha wakirudi ofisini wanawasha kompyuta.

"Mstari" asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kupanga maandishi safu kwa safu. Ni neno la rula na daftari. "Ona" ni letu tangu enzi: Mzulu husema bona, Mlingala mona, sisi tukaiangusha konsonanti ya mwanzo na kubaki na irabu. Likiongezwa -an-, kitendo huenda na kurudi. Ndiyo maana kutana ikazaa mkutano, lingana ikazaa mlingano, ungana ikazaa Muungano wa 1964 ambao hakuna aliyeuita mstari wa kuunga. Onana inyimwe mtoto kwa kosa gani? Na wazee hawakuhitaji jopo. Mawasiliano yasiyo na waya waliyaita simu ya upepo, na simu yenyewe ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Waya wa upepo! Leo nani ana ujasiri huo?

Mpinzani wangu mmoja hudai mwonano unadanganya, kwa kuwa macho yanaweza kuiona antena ya pili na mawimbi yasipite. Kweli. Mwaka jana tuliunganisha ghala moja hapa Njoro na ofisi iliyo juu, njia ya Kibosho, kilomita kama tano. Fundi wa chini aliiona antena ya mwenzake katikati ya matawi ya mgrevilea, akafurahi. Mawasiliano yakawa ya kukatikakatika, na masika yalipolowesha majani yakafa kabisa. Sababu ni kwamba mawimbi hayapiti kwenye uzi. Yanataka nafasi iliyotuna katikati kama papai, ambayo hesabu yake inatokana na kazi ya Mfaransa Fresnel. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali huo, tumbo la papai lina nusu kipenyo cha mita 8 hivi, na walau asilimia 60 yake iwe wazi. Sasa niambieni, papai na mstari vinafanana wapi? Yule fundi hakuonana na mwenzake, alimchungulia. Kiswahili kinatenganisha mambo hayo mawili bila msaada wa mwanafizikia.

Tulipopandisha mlingoti, fundi wa juu alipiga simu: "Kaka, tumeonana!" Hakusema tumepata mstari.

Methali inasema milima haikutani. Haikutani, ila inaonana: Kibo na Mawenzi kila kukicha, na huko Venezuela mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili kwa vifaa vya wifi, kilomita 382.

Matumizi, kwa kifupi: mwonano upo, mwonano umezibwa, pima mwonano kabla ya kununua mlingoti, wingi ni mionano. Jopo likiitisha kikao kingine, mimi nipo Njoro. Chai nitakuja nimeshakunywa.