Nani Ashike Kipimo: Ushanga, Mkasi na Cherehani katika Nyanda za Karatu

Mshairi hutunga, na mwenye ushanga naye hutunga. Lugha yetu haikuona haja ya kuwapa vitenzi viwili, na pengine ilikuwa na hekima yake, kwani wote wawili wanafuata uzi, wote wawili wanahesabu, na punje moja ikizidi kazi nzima hupinda. Jambo hili lafaa kukumbukwa na msomaji wa pwani kabla ya kupanda hadi Karatu, mji ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika njia iendayo Ngorongoro. Huko vimeota vyumba vidogo vya kufundishia ushonaji na kazi za mikono: cherehani mbili tatu, meza ya kukatia, na wanafunzi ambao wengi wao ni wasichana na akina mama. Aghalabu husemwa kwamba vyumba hivi vimewapelekea wanawake wa nyanda hizo ufundi. Historia haikubali usemi huo.

Ushanga wa kioo haukuzaliwa bara. Ulitoka Venezia, na baadaye kwa wingi Bohemia, ukashushwa Unguja, ukavushwa hadi Pangani, Tanga na Mombasa, kisha ukapanda juu vichwani na mabegani mwa wapagazi. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliorodhesha aina nyingi za shanga zilizouzwa Unguja, na samesame, ile nyekundu ya rangi ya marijani, ilikuwa miongoni mwa zenye thamani kubwa. Mtu angedhani kwamba mwenye mali ndiye aliyeamua. Haikuwa hivyo. Mnamo 1883 Joseph Thomson alipofika Taveta, mahali ambapo leo ni Kenya, akiwa na watu waliotoka Unguja na mizigo ya shanga, alielezwa kwamba mali yake haifai kuingia Umasaini kama ilivyo. Sharti kila uzi utungwe upya kwa urefu ambao Wamasai waliuzoea. Msafara ukakaa chini kutunga, na nyuzi zikafika makumi ya maelfu. Wafanyabiashara wa Pangani, kama Jumbe Kimameta aliyefuatana naye baadaye, walikuwa wakiijua desturi hiyo kwa uzoefu wa miaka mingi. Rangi isiyotakiwa ilirudi pwani au ilitupwa, na uzi mfupi haukupita.

Basi hapo pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mali ilitoka ng'ambo, lakini kipimo kilikuwa mikononi mwa mnunuzi wa bara. Wanawake wa Kimasai walijua wanataka nini, kwa rangi ipi, kwa mpangilio upi, na biashara nzima, tangu tanuri za Ulaya hadi ghala za Unguja, ilibidi iwasikilize.

Kipimo hicho kilitikiswa na njaa. Oscar Baumann, aliyetoka Tanga na kuingia katika kreta ya Ngorongoro mwezi Machi 1892, alikuta Wamasai waliokondeana wakiomba chakula, kwa kuwa sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe. Katika hali kama hiyo hakuna anayechagua rangi ya ushanga. Mifugo iliporudi, ushanga nao ulirudi, na mama akaendelea kumfundisha binti kivulini, bila ubao wala cheti.

Majirani zao walikuwa na ufundi wao. Wanawake wa Kiiraqw, ambao watu wao walipanuka kutoka milima ya Mbulu hadi Karatu katika karne ya 20, walikuwa na sketi za ngozi zilizotiwa nakshi ya shanga, kazi ya subira isiyopungua ile ya kofia ya vito. Nyingi ya zile zilizosalia leo zinatazamwa katika majumba ya makumbusho. Kitambaa kilizishinda: merikani kwanza, kisha kaniki, kisha kitenge. Wadatoga wa upande wa Eyasi wao wameshikilia zaidi, na vazi la ngozi la mke wa Kidatoga lingali likionekana, na wahunzi wao wangali wakiyeyusha makufuli na mabomba chakavu ya shaba kufua bangili. Lakini kwa Wairaqw uzi ule ulikatika, na anayetaka kufundisha kushona Karatu leo hana budi kujua kwamba anafundisha mahali ambapo mshono mmoja umekwisha kupotea.

Cherehani ilipanda ikitokea pwani. Jina lake lenyewe ni ndugu wa cherehe, gurudumu la kunolea. Ilikuja pamoja na fundi wa barazani, na pamoja na wazo kwamba vazi la heshima ni lile lililoshonwa. Wazo hilo lilipata nguvu ya amri. Mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968 wakuu wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai: shuka na lubega viachwe, zivaliwe suruali, na aliyekaidi aliweza kukataliwa hata kupanda basi. Kosa la lubega, ukilitazama kwa jicho la fundi, ni kwamba halina mshono. Wala leso ya pwani haina, isipokuwa pindo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba bibi aliyejifunga leso yu uchi. Kampeni ile ilififia, na shuka ikabaki.

Mafunzo ya kushona yenyewe yana nasaba ndefu kuliko vyumba vya leo. Vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950 vilifundisha kushona na kufuma, kwa nia ya kumfanya mwanamke awe mke nadhifu zaidi kuliko mwenye duka. Baada ya Uhuru ukaja Umoja wa Wanawake wa Tanzania mwaka 1962, na tangu 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambako ushonaji ulikuwa somo la kawaida. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa kikitoa vitambaa tangu 1968. Kisha, soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamiminika, na shati la fundi likashindwa bei na shati la mtu aliyekwisha kulichoka.

Huku nyuma, juu ya ukingo wa kreta, maisha yalibanwa. Mamlaka ya Ngorongoro ilizaliwa mwaka 1959 kwa ahadi kwamba wafugaji walioondolewa Serengeti wataishi pamoja na wanyama. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta walitolewa, mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, kikaruhusiwa kidogo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kikakatazwa tena mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwenye ng'ombe wachache na asiye na shamba hununua mahindi kwa fedha taslimu, na fedha ya mwanamke ikawa ushanga. Maboma ya utamaduni yakafunguliwa kwa wageni. Lami ya kutoka Makuyuni ilipofika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karatu ikawa kituo cha kulala na kununua. Kwa hiyo kipimo kikahama. Bangili sasa hukatwa kwa mkono wa mgeni, rangi huchaguliwa zisitishe, na mkufu mpana wa bibi arusi hupunguzwa uingie katika sanduku la safari.

Hapa ndipo chumba kidogo cha mafunzo kinapopata maana, au kinapoikosa. Kukianzisha si jambo gumu sana. Cherehani ya miguu hutangulizwa, kwa kuwa umeme ukikatika haisimami. Pasi ya mkaa, futi ya utepe, chaki, mkasi mmoja mzuri usiokatia karatasi. Wiki za kwanza mwanafunzi hushona bila uzi juu ya karatasi, akifuata mistari, mpaka mguu na mkono vielewane. Halafu pindo, zipu, kola. Riziki ya chumba haitoki kwa watalii kama wafadhili wengi wanavyopenda kuamini. Hutoka kwenye sare za shule, ambazo kila mzazi huzihitaji Januari, na magauni ya vitenge kwa ajili ya harusi. Mikoba na leso za meza za hoteli huja juu ya hayo, na hukatika msimu wa mvua, au mwaka kama 2020 ambapo wageni walipungua sana.

Lililo gumu ni mkasi. Katika baraza nyingi za mafundi, mwanagenzi huweza kukaa miaka akipinda na kutia vishikizo huku fundi mwenyewe akikata, kwa sababu anayejua kukata anajua kufungua duka lake. Pwani tunalijua hili katika kofia: mmoja huchora, wengine hushona, na mchoraji ndiye anayekumbukwa. Chumba cha Karatu kinachofundisha kukanyaga cherehani peke yake hutoa vibarua. Kile kinachompa mwanafunzi mkasi siku za mwanzo, kitambaa kikaharibika kidogo, kikamfundisha pia kuhesabu uzi, nauli na saa zake kabla ya kutaja bei, humrudishia sehemu ya kile walichokuwa nacho wanunuzi wa mwaka 1883. Na mwalimu wa shanga katika chumba hicho hana haja ya kutafutwa mbali. Mara nyingi ni mama wa makamo asiyesoma, anayeketi sakafuni akikata plastiki ya dumu kuwa utepe wa kushikia shanga, naye hulipwa, kama hulipwa, chini ya mwalimu wa cherehani.

Tangu 2022 serikali imekuwa ikizihamishia familia za Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, nchi ile ile ya nyuma ya Pangani ambayo misafara ya pwani ilikuwa ikiikata kupandisha shanga. Waliokwenda wamepewa nyumba na mashamba, na waliobaki wanapinga. Wanawake waliohama wamekwenda na sindano zao. Mnunuzi wa bangili amebaki kwenye lami ya Karatu.