Chama cha Siku 102

Nyanya yangu kule Msambweni ana fulana ya PNU. Haivai, anaipangusia sufuria. Juzi nikaamua kuitafutia historia, maana 2007 mimi nilikuwa mtoto mdogo, nikipewa peremende na wagombea wote.

Basi sikizeni. Kibaki aliingia Ikulu 2002 kwa NARC. Kura ya maamuzi ya Novemba 2005 ikaivunja: Raila na wenzake wakabeba Chungwa, Kibaki akabeba Ndizi, na Ndizi ikaanguka. Kwa hivyo 2007 rais anatafuta muhula wa pili, lakini chama kilichompeleka Ikulu kishamponyoka. Tarehe 16 Septemba akatangaza PNU. Uchaguzi ulikuwa 27 Desemba. Siku 102 tu! Muhogo wenyewe ungekuwa haujakomaa.

Ndani wakaingizwa KANU, Narc-Kenya, Ford-Kenya, hata Shirikisho, chama cha huku Pwani. Hapo nilicheka. Shirikisho kilizaliwa kudai majimbo, na Kibaki kwenye kampeni zile alikuwa anayapinga majimbo. Sasa Mpwani aliyepigia PNU alikuwa anachagua nini?

Kwetu Kwale, waziri Chirau Ali Mwakwere alishinda Matuga kwa tiketi hiyo. Lakini nchi nzima PNU ilipata wabunge 43 kati ya 210, ODM ikapata 99. Kibaki akatangazwa mshindi wa urais, matokeo yakabishaniwa, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa.

Mchezo haukuishia hapo. Jubilee iliunganishwa kuwa chama kimoja Septemba 2016, hata mwaka haukufika kabla ya uchaguzi. Gavana Mvurya wetu alishinda 2013 kwa ODM, 2017 kwa Jubilee, na 2022 akaipigia debe UDA.

Mimi sisemi kuhama ni dhambi. Shida ni hii: ukiahidiwa hati ya shamba ama maji na chama cha haraka, kesho unaenda kumuuliza nani? Mheshimiwa atakwambia hiyo ilikuwa ahadi ya chama kile cha zamani. Chama kinakufa, deni linabaki kwako.

Agosti 2027 inakuja. Wakija Diani na fulana mpya, chukua, nguo ni nguo. Lakini waulize swali moja: Januari 2028 ofisi yenu hapa Kwale itakuwa wazi?

Wakikosa jibu, mpelekee nyanya fulana. Sufuria hazijaisha.