Cheti, Leseni na Uthibitisho: Historia ya Istilahi za Umahiri wa Mfamasia katika Informatiki ya Afya

Si zamani sana tuliletewa ofisini rasimu ya tangazo la kazi, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuikague kabla haijachapishwa. Waliotoa tangazo walikuwa wakitafuta mfamasia wa kusimamia mfumo wa kompyuta unaotumika hospitalini kuandikia, kutolea na kuhesabia dawa. Matini ya asili ilimtaka mwombaji atimize masharti matatu: awe amesajiliwa na baraza la taaluma yake, awe na leseni hai, na awe amepimwa na chombo cha wanataaluma na kuthibitishwa kuwa ni mahiri katika informatiki ya afya. Katika rasimu ya Kiswahili masharti hayo matatu yalikuwa yamegeuka kuwa moja: "awe na cheti".

Tulipomwuliza mfasiri, alitujibu kwa unyofu kwamba katika yote matatu mtu hupewa karatasi yenye mhuri, na karatasi yenye mhuri kwa Kiswahili ni cheti. Jibu hilo si la mtu mvivu. Ni jibu la mtu aliyetafuta katika orodha za istilahi na asipate msaada. Lakini matokeo yake ni mazito. Kwa tangazo lile, aliyesoma kompyuta kwa majuma matatu akapewa cheti cha mahudhurio angekuwa ametimiza masharti ya kukabidhiwa mfumo wa dawa wa hospitali nzima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo matatu hayakuzaliwa siku moja, wala mahali pamoja, wala kwa haja moja. Mfasiri aijuaye historia yake hataona taabu kuyatenga.

Usajili na leseni

Mwaka 1841 wauza dawa wa London, Jacob Bell akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda chama cha kulinda na kuinua kazi yao. Wakati huo mtu yeyote aliweza kufungua duka na kuuza dawa, hata sumu, bila kuulizwa amejifunza wapi. Sheria ya Famasi ya mwaka 1852 ilikiwezesha chama hicho kutahini watu na kuweka daftari la majina ya waliofaulu. Asiyekuwamo daftarini alikatazwa kujipa jina la taaluma, lakini hakukatazwa kuuza dawa. Ilihitajika sheria ya pili, ya mwaka 1868, kuufunga mlango huo. Tangu hapo sumu zilizotajwa katika sheria ziliweza kuuzwa na waliosajiliwa tu.

Miaka hiyo 16 kati ya sheria mbili inatufundisha jambo moja la msingi. Usajili kwa asili yake ni ulinzi wa jina: unasema nani anaitwa mfamasia. Leseni ni ruhusa ya tendo: inasema nani anaweza kufanya kazi ya mfamasia. Mara nyingi siku hizi viwili hivyo huenda pamoja, lakini si kitu kimoja. Mtu aweza kuwamo daftarini ilhali leseni yake imekwisha muda. Huyo bado ni mfamasia, lakini haruhusiwi kusimama nyuma ya meza ya kutolea dawa.

Hapa yafaa tuwakumbushe wafasiri mtego mmoja wa zamani. Muuza dawa wa Uingereza alijulikana, na hadi leo anajulikana mitaani, kwa jina ambalo ni lile lile la mtaalamu wa kemia. Mfasiri asiyeangalia huandika "mkemia". Kwetu mkemia ni mtu mwingine kabisa: kila asomaye magazeti ya Tanzania anaijua Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kupima vielelezo na kemikali, si kutoa dawa kwa wagonjwa.

Tanzania nayo imepita njia yake. Sheria ya Dawa na Sumu ilitungwa mwaka 1978. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza la Famasi, na mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Famasi inayotumika baada ya ile. Sheria hiyo ya 2011 ina funzo kwa watu wa istilahi, kwa kuwa inatumia vitendo vitatu kwa ngazi tatu za wanataaluma: mfamasia husajiliwa, fundi sanifu wa dawa huandikishwa, na msaidizi wa dawa huorodheshwa. Katika mazungumzo ya kila siku vitendo hivyo vitatu karibu ni kimoja. Katika sheria kila kimoja kina daftari lake na mipaka yake ya kazi. Basi lugha yetu haikukosa maneno. Iliyaweka mahali pake pale tu ilipodaiwa kufanya hivyo.

Uthibitisho wa umahiri

Jambo la tatu, ambalo ndilo lililompotosha mfasiri wetu, lina umri mdogo zaidi. Nchini Marekani leseni ya mfamasia hutolewa na kila jimbo kupitia bodi yake. Leseni hiyo ni ya jumla: humruhusu mtu kufanya kazi ya famasi, pasipo kusema amebobea katika tawi gani. Kufikia miaka ya 1970 kazi ilikuwa imepanuka mno. Palikuwa na dawa zenye mionzi, ambazo mfamasia wa kawaida, ijapokuwa alikuwa na leseni kamili, hakufundishwa kuziandaa kwa usalama. Mwaka 1976 wafamasia wa nchi hiyo walianzisha bodi ya kuthibitisha matawi ya ubobezi, na mwaka 1978 famasi ya nyuklia ikawa tawi la kwanza kutambuliwa. Mwaka 1988 yaliongezwa mengine, kama vile lishe ya tiba.

Tuangalie sifa za uthibitisho huu, maana ndizo zinazoutenga na leseni. Kwanza, ni wa hiari: hakuna sheria inayomlazimisha mfamasia kuutafuta. Pili, hutolewa na wanataaluma wenyewe, si na serikali. Tatu, hauna nguvu bila leseni. Huja juu yake, hauchukui nafasi yake. Nne, huisha muda. Bodi tuliyoitaja humtaka mtu athibitishwe upya kila baada ya miaka 7. Cheti cha kuhitimu masomo hakina sifa hiyo ya mwisho. Aliyehitimu mwaka 1985 amehitimu milele, hata kama ameyasahau yote aliyofundishwa.

Kompyuta katika chumba cha dawa

Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa sababu ya makosa ya huduma. Mojawapo ya tiba zilizopendekezwa ilikuwa kompyuta: daktari asiandike dawa kwa mkono usiosomeka, bali achague katika orodha, na programu ikague kipimo, mzio na dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Mwaka 2009 sheria ya nchi hiyo ilitenga fedha nyingi za kuwavutia madaktari na hospitali kutumia kumbukumbu za kielektroniki.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 2005, Ross Koppel na wenzake walikuwa wamechapisha uchunguzi wa mfumo wa namna hiyo katika hospitali moja ya kufundishia, wakabainisha njia 22 ambazo mfumo wenyewe ulirahisisha makosa ya dawa. Sababu haikuwa ya ajabu. Orodha ya dawa haijiandiki. Yupo mtu aliyeingiza jina, kipimo na kizio. Mtu huyo akiandika miligramu mahali pa mikrogramu, amezidisha dozi mara 1,000. Karani aliyechoka huenda akakosea kwa mgonjwa mmoja. Orodha iliyokosewa hukosea kwa kila mgonjwa, usiku na mchana, bila kuchoka na bila kuona haya.

Hapo ndipo lilipoibuka swali la nani anastahili kukabidhiwa orodha hiyo. Mtaalamu wa kompyuta anajua programu lakini hajui dawa. Mfamasia anajua dawa lakini huenda hajui programu. Huko Marekani wauguzi ndio waliotangulia: chama chao kilikubali informatiki ya uuguzi kuwa tawi la ubobezi mwaka 1992, na mtihani wa uthibitisho ukafuata mwaka 1995. Madaktari walikubali informatiki ya kitabibu mwaka 2011, wakafanya mtihani wa kwanza mwaka 2013. Wafamasia wengi walioingia katika kazi hii walipitia mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini, au mitihani ya vyama vinavyopokea watu wa fani mbalimbali za afya. Uingereza nayo ilipata mwaka 2017 chombo cha informatiki ya kitabibu kinachowakusanya wataalamu wa fani nyingi pamoja. Kwa hiyo katika jambo hili mfamasia hupimwa mara nyingi pamoja na jirani zake wa taaluma nyingine, na karatasi anayopewa haisemi kwamba yeye ni mfamasia. Hilo husemwa na usajili wake. Mfasiri akizichanganya karatasi hizo mbili, amemfanya mtu asiye mfamasia aonekane kuwa ni mfamasia.

Jina la taaluma yenyewe

Imebaki kueleza kwa nini tumeandika "informatiki" na si "taarifa za afya". Neno hili si la Kiingereza kwa asili. Mjerumani Karl Steinbuch alilitumia mwaka 1957, na Mfaransa Philippe Dreyfus akaunda umbo la Kifaransa mwaka 1962 kwa kuunganisha neno la habari na neno la kujiendesha. Kiingereza nacho kimelikopa. Kiswahili kikilitohoa hakitakuwa kimefanya jambo la aibu.

Wapo wanaosema kwamba "taarifa" yatosha, na hoja yao ina uzito. Kila mtumishi wa zahanati nchini anaijua MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na ameijaza vitabu vyake kwa mkono wake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelipa neno hilo hadhi ya kisheria. Hata hivyo, taarifa ni kitu, na informatiki ni elimu ya kukishughulikia kitu hicho. Lugha yetu imekwisha kukutana na tofauti ya namna hii ikaishinda: tuna maktaba, ambayo ni mahali pa vitabu, na tuna ukutubi, ambao ni taaluma ya kuvitunza. Hakuna anayemwita mkutubi "mtu wa vitabu" katika tangazo la kazi. Kadhalika anayejaza kitabu cha MTUHA anaandika taarifa. Anayepanga namna kitabu hicho kitakavyosomana na ghala la dawa anafanya informatiki.

Kuhusu "dijitali", mjadala umekwisha kuamuliwa na wananchi wenyewe. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, kila nyumba yenye televisheni ililijua neno hilo, na pamoja nalo likaja "king'amuzi", lililoundwa vizuri kutokana na kitenzi kung'amua. Tunapenda kuonyesha kwamba maneno hayo mawili yaliingia siku moja kwa njia mbili tofauti, moja kwa utohozi na jingine kwa unyambuaji, na yote mawili yakaishi. Haja ya watu ndiyo iliyoyalea.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunapendekeza wafasiri wafuate utaratibu huu. "Usajili" utumike kwa kuingizwa katika daftari la taaluma kwa mujibu wa sheria, na "uandikishaji" na "uorodheshaji" vibaki kwa ngazi zilizotajwa na sheria. "Leseni" iwe ruhusa ya mtu kufanya kazi ya taaluma kwa muda uliowekwa. "Ithibati" iachiwe vyuo na mitaala, kama ilivyozoeleka. "Cheti cha kuhitimu" na "cheti cha mahudhurio" vitajwe kwa ukamilifu wake, lisiachwe neno "cheti" peke yake. Kwa lile jambo la tatu tunapendekeza "uthibitisho wa umahiri", na mwenye nao aitwe "mfamasia aliyethibitishwa umahiri katika informatiki ya afya".

Tunakiri kwamba jina hilo ni refu. Tulifikiria "mfamasia bingwa", tukaliacha kwa sasa, kwa sababu katika hospitali zetu daktari bingwa ni mtu aliyesomea shahada ya juu zaidi na mwenye nafasi yake katika utumishi. Kumpa mtu ubingwa kwa mtihani wa siku moja kungekuwa kulipunguza neno thamani. Huenda walimu wa famasi watatupatia neno fupi lisilo na kasoro hiyo. Tunawaomba watuandikie, pamoja na wafasiri na maofisa utumishi ambao ndio hukutana na hati hizi kila siku.

Ama lile tangazo la kazi, lilirudishwa kwa mwenyewe likiwa na masharti yake matatu, kila moja katika mstari wake. Mfasiri alilalamika kidogo kwamba limekuwa refu kuliko la Kiingereza. Tulimwambia kwamba urefu huo ndio utakaomtenga mfamasia na mtu mwenye karatasi tu, na mgonjwa atakayepewa dawa kutoka katika orodha ile hatajua kamwe kwamba mistari mitatu ya Kiswahili ilimlinda.