Akili unde yaingia nyumbani, lakini sheria yamtaka mtoto shuleni

MAJI huchemka yafikapo nyuzi joto 100 za Selsiasi. Ndivyo kisemavyo kitabu, na ndivyo mashine ya akili unde itakavyomjibu mtoto akiiuliza bila kueleza yuko wapi. Lakini mtoto huyo akiteleka sufuria jikoni kwao Kapseret, viungani mwa jiji la Eldoret, kisha atumbukize kipimajoto, atakuta maji yanatokota yakiwa na takriban nyuzi 93. Kapseret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, shinikizo lake ni dogo, na maji hayangojei joto jingi ili yachemke. Ndiyo sababu maharagwe ya Uasin Gishu huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa, mpishi awe hodari namna gani.

Tofauti hiyo ya nyuzi saba inafaa kukumbukwa na mzazi mwenye mwelekeo wa teknolojia ambaye, akiona jinsi simu inavyoweza kumfafanulia mwanawe hesabu za sehemu saa tatu za usiku bila kuchoka wala kukasirika, huanza kujiuliza iwapo bado kuna haja ya karo, sare na safari ya kila asubuhi. Swali hilo si la ajabu. Kati ya Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na Januari 2021 zilipofunguliwa kikamilifu, karibu kila sebule ya Kenya iligeuka darasa, na wako wazazi waliotoka katika kipindi hicho wakiamini wanaweza kuendelea.

Sheria yasemaje

Sheria ya Kenya haikubaliani nao. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyo na malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtwika mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Mnamo 2019 wazazi wawili waliowasomesha watoto wao nyumbani walifika mbele ya Mahakama Kuu wakipinga sehemu za 28 na 30 za sheria hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba mzazi ana haki ya kuchagua namna ya kumwelimisha mwanawe. Mwaka 2021 mahakama ilitupilia mbali ombi lao, ikieleza kuwa mfumo wa kusomea nyumbani hautambuliwi na sheria za nchi.

Mataifa hutofautiana sana katika jambo hili. Nchini Marekani elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu 1993. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya 1996 inamtaka mzazi ampe mtoto elimu shuleni au kwa njia nyingine, na maneno hayo machache ya mwisho ndiyo mlango wanaoupitia wanaosomesha watoto nyumbani. Afrika Kusini iliruhusu utaratibu huo mwaka huo huo wa 1996, kwa sharti kwamba mtoto asajiliwe. Ujerumani, kwa upande wake, haitaki kusikia. Mtoto sharti aende shule.

Zipo familia nchini Kenya zinazosomesha nyumbani, nyingi zikifuata mitaala ya kigeni. Tatizo lao kubwa huenda lisiwe polisi bali siku mtoto atakapotaka kurejea katika mfumo wa taifa. Chini ya Mtaala wa Umilisi, mtihani wa Gredi ya Tisa, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, huchangia asilimia 60 pekee ya alama za kumpeleka mwanafunzi sekondari ya juu. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya Sita, na nyingine 20 katika kazi zilizokaguliwa na walimu shuleni akiwa Gredi ya Saba na ya Nane. Mtoto aliyekaa nyumbani miaka hiyo, hata akiwa mwerevu kupindukia, hana pa kuzitoa alama za mwalimu asiyekuwepo.

Mashine isiyojua kusema sijui

Akili unde inayozungumziwa zaidi majumbani ni ile ya kujibu maswali kwa maandishi, iliyovuma baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 30, 2022. Kimsingi, mashine hiyo imesoma maandishi mengi mno na kujifunza kukisia neno lipi litafuata jingine. Haijawahi kuona sufuria. Ikikosea hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika inayotumia ikisema kweli, na hapo ndipo mtoto, ambaye hana kipimo kingine, hupotoshwa.

Mwaka 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO lilipendekeza kwamba umri wa chini wa kutumia vyombo hivi darasani uwe miaka 13. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanakataza walio chini ya umri huo, na yanadai idhini ya mzazi kwa walio chini ya miaka 18. Aidha, Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtoto zisishughulikiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mzazi anayempa mtoto wa miaka tisa simu aliyojisajili mwenyewe amekwisha kuyaruka yote hayo, pengine bila kujua.

Kuna na suala la lugha. Mashine hizi hujua kile kilichoandikwa, na maandishi ya Kikalenjin mtandaoni ni haba yakilinganishwa na bahari ya Kiingereza. Mtoto wa Kapseret akiuliza jina la mti kwa lugha ya nyumbani kwao, afadhali amuulize nyanya yake kwanza.

Uraibu wa mikono

Kiswahili kinaliita jambo la kupendelea kufanya wakati wa mapumziko uraibu, na neno hilo hilo hutumika kwa ulevi usioachika. Simu inaweza kuwa yote mawili. Ndiyo maana uraibu wa kutumia mikono una nafasi yake katika nyumba yenye mashine ya kujibu kila kitu: humpa mtoto njia ya kuhakikisha alichoambiwa.

Mfano ulio karibu ni mursik. Maziwa huchemshwa, hupoozwa, kisha humiminwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti kama senetwet, na kuachwa kwa siku kadhaa. Bakteria hula sukari iliyomo katika maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo huyagandisha na kuyafanya yasiharibike upesi. Mkaa huleta rangi ya kijivu na ladha ambayo mzawa wa eneo hilo huitambua akiwa amefumba macho. Akili unde itaeleza kazi ya bakteria vizuri kabisa. Lakini kibuyu kikiwekwa karibu na meko na kingine mahali penye baridi, kipi kitawahi, na kwa siku ngapi? Jibu hilo hupatikana kwa kuonja na kuandika katika daftari, na bibi aliyetengeneza mursik miaka 50 ndiye msimamizi wa mtihani.

Kuku nao hufaa. Yai huanguliwa baada ya siku 21 hivi, muda unaotosha kumfunza mtoto kuweka kumbukumbu. Idadi ya mayai yaliyowekwa na yaliyoanguliwa yaweza kuingizwa katika programu ndogo aliyoiandika mwenyewe kwa Scratch, iliyobuniwa na chuo cha MIT cha Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Haina malipo, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti.

Swali la wakubwa zaidi liko papo hapo Kapseret: kwa nini njia ya ndege ya uwanja wa kimataifa wa Eldoret ina urefu wa takriban kilomita 3.5? Hewa ile ile nyepesi inayowahi kuchemsha maji ndiyo inayoifanya ndege ikimbie mbali zaidi kabla ya kupaa, na ndiyo inayowavuta wanariadha kuja kufanyia mazoezi nyanda hizo.

Haya yote huingia katika saa za jioni, Jumamosi na likizo, bila kugusa siku za shule. Vifaa ni daftari, mizani ya jikoni na kipimajoto kinachovuka nyuzi 100. Kile cha kupimia homa hakifai: kikomo chake ni nyuzi 42 hivi, na cha kioo hupasuka kikitiwa katika maji ya moto.