Taazia katika majarida ya biashara ya muziki

Taazia hizi huandikwa kwa ajili ya watu wa kazi: wenye lebo, watayarishaji, mawakala, wauza rekodi. Jarida maarufu kuliko yote ni Billboard, lililoanzishwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1894, likiwahudumia kwanza wabandika matangazo.

Magazeti ya kawaida humlilia mwimbaji. Majarida haya humkumbuka pia aliyekaa nyuma ya kioo cha studio, nayo humpima kwa kazi: alimsaini nani, alitoa rekodi zipi, alianzia wapi.

Mfano bora ni Jerry Wexler, aliyefariki Florida tarehe 15 Agosti 2008 akiwa na miaka 91. Alikuwa mwandishi wa Billboard lenyewe, na ndiye aliyependekeza jina rhythm and blues, ambalo mwaka 1949 lilichukua nafasi ya jina la kibaguzi kwenye orodha ya rekodi za Weusi. Mwaka 1953 alijiunga na lebo ya Atlantic, akaja kutayarisha rekodi za Ray Charles na Aretha Franklin.

Udhaifu wa taazia hizi ni kusifu mno. Ruth Brown, nyota wa Atlantic, alidai mirabaha yake kwa miaka mingi. Kumwandika bosi wa lebo bila kutaja madai ya aina hiyo ni kuwanyima wanamuziki haki mara ya pili.