Bikari na Fuvu: kutoka Rwanda hadi Lhasa

Tarehe 19 Januari 1939 Wajerumani watano waliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ambao Wazungu wachache mno walikuwa wamewahi kuutia machoni. Serikali ya Tibet iliwapa ruhusa ya wiki mbili. Wakakaa miezi miwili. Kiongozi wao, Ernst Schäfer, alikuwa bingwa wa elimu ya wanyama na ndege, umri wake miaka 28. Karl Wienert alipima nguvu za sumaku za dunia, Ernst Krause alikusanya wadudu na kupiga filamu, Edmund Geer alishika mambo ya mizigo na chakula. Wa tano, Bruno Beger, kazi yake ilikuwa kupima watu.

Wote walikuwa wanachama wa SS, kikosi cha Wanazi chini ya Heinrich Himmler, na hilo lilikuwa sharti lake mwenyewe. Mwaka 1935 Himmler alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ahnenerbe, maana yake Urithi wa Mababu, taasisi ya kuwatafutia Wajerumani asili tukufu. Mwaka 1936 watu wake walikwenda Sweden kunakili michoro ya miambani na Karelia, Finland, kurekodi nyimbo na maneno ya uganga ya wazee. Jibu lilikuwa limeshaandikwa Berlin: kila ustaarabu umetoka kwa Waaria, mababu waliodaiwa wa Wajerumani. Wasafiri walitumwa kuleta ushahidi.

Schäfer hakuwa kibaraka tu. Fedha nyingi za safari alizitafuta mwenyewe, na alikataa kumchukua mfuasi wa nadharia aliyoipenda Himmler, kwamba ulimwengu umeumbwa kwa barafu. Mbegu za shayiri, ngozi za ndege na vipimo vya sumaku alivyorudi navyo vilikuwa sayansi ya kweli. Wapo wanaosema basi safari ile haikuwa ya kisiasa. Sikubaliani nao. Sayansi hiyo safi ndiyo iliyoipa heshima kazi ya Beger, na bila heshima hiyo hakuna mlango wa Lhasa ambao ungemfungukia.

Beger alipima watu 376. Alitumia bikari ya chuma yenye ncha zilizopinda, akapima urefu wa kichwa kutoka paji hadi kisogo, kisha upana wake juu ya masikio, kisha pua, mashavu na taya. Watu 17 aliwapaka plasta kichwani na usoni ili apate sanamu zao. Alichokitoa katika tarakimu hizo ni kwamba baadhi ya Watibeti, hasa wa tabaka la wakubwa, wana chembe ya damu ya Ulaya. Ndicho alichokwenda kukitafuta.

Bikari ya namna hiyo sisi wa Afrika Mashariki tulishaiona. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Adolf Friedrich, wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, ulitoka Bukoba ukapita Rwanda hadi Kongo. Mtaalamu wake wa vipimo, Jan Czekanowski kutoka Poland, alipima watu kwa maelfu na kukusanya mafuvu kwa mamia. Hapo pia jibu lilitangulia. Wazungu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba Watutsi ni Wahamu, wageni waliotoka kaskazini na kuzaliwa kutawala, na urefu wa pua ukageuzwa hoja ya serikali. Wanyarwanda wameilipia hoja hiyo kwa damu.

Mafuvu mengi ya Afrika Mashariki yaliishia Berlin kwa Felix von Luschan, mtaalamu wa elimu ya watu. Bwana huyu alipinga hadharani madai kwamba kuna watu duni kwa kuzaliwa. Hata hivyo aliwaomba maofisa na askari wa makoloni wampelekee mafuvu, nao wakampelekea, mengine yametoka makaburini, mengine kwa watu walionyongwa. Hili hunisumbua kuliko ukali wa Himmler: mtu mwenye nia njema alijaza makabati yale yale.

Beger aliendelea na kazi yake. Juni 1943 alikwenda Auschwitz akachagua wafungwa 115, karibu wote Wayahudi, akawapima kama alivyowapima Watibeti. Kati yao 86 walihamishiwa kambi ya Natzweiler na kuuawa kwa gesi mwezi Agosti, ili August Hirt wa Chuo Kikuu cha Strasbourg apate mifupa ya kuweka katika mkusanyo wake. Mwaka 1971 mahakama ya Frankfurt ilimhukumu Beger kifungo cha miaka mitatu kwa kusaidia mauaji hayo. Kwa muda mrefu waliouawa walijulikana kama idadi tu. Mwandishi Hans-Joachim Lang alifuatilia namba zilizochanjwa mikononi mwao hadi akapata majina yote 86.

Berlin nako, watafiti walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki: zaidi ya 900 ya Rwanda, takriban 200 ya Tanzania, machache ya Kenya. Walipotangaza matokeo mwaka 2023, mafuvu matatu yalikuwa yamelinganishwa kwa vinasaba na ndugu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi (yaani mtawala) Meli wa Moshi. Meli mwenyewe alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wajukuu zake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Katika mafuvu yaliyotambuliwa, chake hakikuwamo.