Kuta Zilizobeba Sangara: Historia ya Baridi Jijini Mwanza

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza, samaki wa ziwa walipata njia ya kwenda mbali, ila walisafiri wakiwa wakavu. Sato, ningu na furu walipasuliwa, wakaanikwa juani au kubanikwa kwa moshi. Dagaa walitandazwa mchangani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida Mwanza hufika nyuzi 27 au 28. Samaki aliyevuliwa alfajiri alikuwa ameanza kuharibika kabla ya adhuhuri. Baridi haikuwa na mahali pa kutoka.

Lakini elimu ya kuzuia joto ilikuwapo. Nyumba ya msonge ya Wasukuma, ambayo mfano wake bado unaonekana katika Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, ina paa nene la nyasi lililoshuka hadi karibu na ardhi. Nyasi hizo hukamata hewa katikati yake, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Ndiyo maana ndani mna ubaridi jua likiwaka na mna uvuguvugu usiku. Mabati yalipoenea tulipata paa lisilovuja na lisiloliwa na mchwa, tukapoteza kinga hiyo. Wajenzi wetu hawajalifidia pengo hilo hadi leo, na kila mwanafunzi aliyesomea chini ya bati tupu saa nane mchana anajua gharama yake.

Aliyelazimisha Mwanza itafute baridi ni sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameijaza Ghuba ya Mwanza. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakichunguza furu katika ghuba hiyo tangu 1977, walishuhudia aina nyingi za furu zikitoweka mbele ya macho yao. Kwa wavuvi na wachuuzi tatizo lilikuwa jingine: sangara ana mafuta mengi, na ni mkubwa. Ukimwanika juani kama sato, mafuta yanaoza kabla nyama haijakauka. Kumbanika kunataka kuni nyingi, na miti ya visiwani na pwani ililipia. Wengine walimtia chumvi na kumfanya kayabo. Lakini soko lililokuwa tayari kulipa bei kubwa, lile la Ulaya, lilitaka minofu mibichi, na minofu mibichi haina njia nyingine zaidi ya barafu.

Barafu ina nguvu ya ajabu. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Nguvu hiyo hiyo huishia bure iwapo chombo kinaruhusu joto la nje kuingia, kwa sababu barafu itapoza hewa ya ziwa badala ya samaki. Hapo ndipo linapoingia povu gumu la poliyurithani.

Povu hili lilizaliwa Ujerumani. Mwaka 1937 mwanakemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen waligundua jinsi ya kuunganisha aina mbili za kemikali zikawa plastiki mpya. Vimiminika viwili hukutana kwenye mdomo wa bomba la kunyunyizia, vinapigwa ukutani, na kwa sekunde chache vinaumuka mara nyingi zaidi ya ujazo wake, kisha vinakauka vikiwa vimeshikamana na ukuta. Kinachobaki ni vijichumba vidogo mno vilivyofungwa, vyenye gesi ndani. Sentimita 10 za povu hilo huzuia joto zaidi kuliko sentimita 15 za kizibo, gome la mti ambalo vyumba vya baridi vya zamani viliwekewa. Kwa mbao tupu ungehitaji karibu nusu mita. Nchi za baridi kama Kanada hulinyunyizia kwenye kuta na mapaa ili joto la nyumba lisitoroke wakati wa theluji. Kwetu kazi ni ileile, mwelekeo umegeuzwa: joto ndilo linalozuiwa nje.

Viwanda vya minofu vilianza kusimama Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vyumba vyake vya kuhifadhia samaki waliogandishwa hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi, maana yake ukuta mmoja unahimili tofauti ya nyuzi 45 hivi kati ya ndani na jua la nje. Lakini kwa maoni yangu historia yenyewe iko majini. Kutoka kambi za visiwa vya Ukerewe, Kome, Maisome na Goziba, boti za kukusanya samaki zilibeba barafu kwenda na sangara kurudi, safari za siku kadhaa. Tumbo la boti lilikingwa dhidi ya joto kwa povu au polistireni katikati ya mbao za nje na bitana ya ndani. Bitana ikipasuka, maji ya barafu iliyoyeyuka huingia kwenye kihami hicho cha joto, nacho kikilowa hupoteza nguvu na kuwa mzigo wa uzito na uvundo. Faida au hasara ya wakala aliyekusanya samaki ilitegemea ufa ambao jicho halikuuona.

Kisha Ulaya ikafunga mlango. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ziwa kwa sababu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Masoko yalipofunguliwa tena, ukaguzi ulikuwa mkali: kuta laini zinazooshwa, vyumba vya baridi vyenye vipimo vinavyorekodiwa, barafu ya maji safi. Paneli za bati zenye povu katikati zilijibu mengi ya masharti hayo kwa pamoja.

Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliionyesha dunia ndege zikiondoka na minofu huku mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara, yakibaki, na ilizua hasira kubwa nchini. Mimi naongeza jambo ambalo mjadala ule uliliacha: baridi yenyewe iligawanywa hivyo hivyo. Ilijengwa pale sangara alipopita kwenda ng'ambo. Akina mama wa dagaa, ambao samaki wao ndio wanaolisha nyumba nyingi za Tanzania na Kongo, waliendelea kutazama mawingu. Mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo, dagaa walioanikwa huoza. Hiyo si haki, na teknolojia ya kurekebisha hali hiyo imekuwa ng'ambo ya ukuta, mjini humo humo, kwa zaidi ya miaka 30.

Povu lina madhara yake pia. Povu la zamani liliumuliwa kwa gesi ya CFC-11, inayotoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, uliondoa gesi hiyo katika nchi zinazoendelea ifikapo 2010. Mvuke wa kemikali za povu wakati wa kunyunyizia hudhuru mapafu, na povu likiungua hutoa moshi wenye sumu kali.

Kwa hiyo nawaomba wenye viwanda na wenye boti za enzi ile: mkibomoa chumba cha baridi cha zamani, msikichome moto wala kukitupa kando ya ziwa. Pigeni picha, pimeni unene wa kuta, andikeni walichokifanya mafundi waliokijenga, na boti moja ya barafu ipelekwe Bujora iwekwe karibu na nyumba ya msonge.